Kupanga umeme wa karakana ya chini ya nyumba, kwa waliojenga kwenye mteremko Dodoma

Ukijenga kwenye kiwanja cha mteremko, kama vile vya kuelekea kilima cha Mlimwa, msingi wa upande wa chini unapanda sana. Wengi wanaujaza kifusi. Wajanja wanaacha chumba, wanaweka mlango upande wa bondeni, na baada ya miaka miwili kile kilichokuwa stoo ya saruji kinageuka karakana: meza ya useremala, msumeno, kompresa, rundo la mbao za Mafinga. Umeme unafika humo kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani kutoka sebuleni. Nimeitwa kwenye vyumba vya namna hiyo mara nyingi, na ombi huwa lilelile: “Fundi, tuwekee tu soketi mbili, nyingine tutaungaunga.”

Soketi mbili hazitoshi, na kuungaunga ndiko kunakochoma nyumba. Mimi napanga hivi: naanza na mahali mashine itakaposimama, narudi nyuma hadi kwenye mita. Anayeanza na ukuta ulio rahisi kutoboa atamaliza na nyaya zinazokatiza sakafu, na mtu aliyebeba ubao hatazami miguu yake.

Nitaeleza kwa karakana ya useremala ya mtu mmoja au wawili, laini ya fezi moja (waya mmoja wenye umeme, pamoja na nyutro inayourudisha), volti 230. Kupanga, kupima urefu, kutoboa na kufunga paipu unaweza kufanya mwenyewe. Kuunga kwenye bodi, yaani kile kisanduku cha kugawia umeme, na kupima mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati. Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya TANESCO, usiviguse hata kwa bisibisi.

Hatua ya 1: Chora sakafu, kisha hesabu mzigo

Chukua chaki, chora sakafuni meza itakaa wapi, msumeno wapi, kompresa kona gani, mbao ndefu zitaingilia wapi. Zungukia michoro hiyo kana kwamba unafanya kazi kweli. Hapo ndipo utagundua kwamba msumeno unataka kukaa katikati ya chumba, mbali na kuta zote, na kwamba umeme wake lazima ushuke kutoka juu.

Sasa soma vibati vya mashine. Wati ukizigawa kwa 230 unapata ampia. Msumeno wa meza wa wati 1,800 unavuta karibu ampia 7.8. Kompresa ya wati 1,500, ampia 6.5. Mashine ya kunyonya vumbi ya wati 1,200, ampia 5.2. Grainda ndogo ya wati 850, chini ya ampia 4.

Usijumlishe vyote. Jiulize ni vipi vitawaka kwa wakati mmoja. Fundi mmoja hapasui mbao huku anaranda. Lakini anapasua huku kinyonya vumbi kinafanya kazi, na kompresa ikijiwasha yenyewe kwa sababu presha ya tangi imeshuka. Hizo tatu ni wati 4,500, kama ampia 20. Laini kuu ya ampia 32 inakutosha na inabaki nafasi. Ukiwa na mashine ya kuchomelea vyuma, hesabu inabadilika kabisa: ipe laini yake peke yake. Kama unafikiria randa kubwa ya viwandani, omba fezi tatu mapema.

Kuna jambo la mfuko pia. Nyumba inayotumia uniti chache kwa mwezi, zisizozidi 75, hupata bei nafuu. Msumeno huo ukiwaka kwa saa moja tu ni uniti 1.8. Kama kazi ni ya biashara, omba mita ya pili kwa ajili ya karakana, na ugomvi wa nani kamaliza umeme utaisha humo ndani.

Hatua ya 2: Waya mkuu wa kutosha

Tuseme kutoka bodi ya nyumba hadi karakana ni mita 25. Kwa waya wa shaba wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba), kila ampia inapoteza milivolti 18 kwa kila mita. Ampia 20 zikipita humo, volti 9 zinapotea njiani. Kwa waya wa 6 kiwango ni milivolti 7.3, na hasara inashuka hadi volti 3.6 hivi. Viwango tunavyofuata vinaruhusu upungufu usiozidi asilimia 5, yaani volti 11.5 kwa safari nzima mpaka kwenye mashine. Kwa hiyo wa 2.5 unaonekana kama umepona, lakini bado hujaongeza waya wa ndani ya karakana, na mota ya kompresa inapoanza huvuta mara tano au zaidi ya kawaida yake. Jioni volti za mtaani zikiwa zimeshuka, utaisikia ikinguruma bila kuzunguka. Mota inayonguruma bila kuzunguka inaungua. Weka wa 6.

Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Rudisha. Bei yake ndiyo inayowavuta watu.

Ukipita ndani ya nyumba, tumia paipu. Ukipita nje ardhini, tumia kebo yenye ganda la chuma, uifukie angalau nusu mita na utandaze utepe wa onyo juu yake kabla ya kurudishia udongo.

Hatua ya 3: Erthi, na hapa Dodoma ni kisa kirefu

Hapa sina haraka, kwa sababu ndipo kazi nyingi za huku kwetu zinapoharibikia.

Erthi ni njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Inategemea udongo kupitisha umeme, na udongo hupitisha vizuri ukiwa na unyevu. Mvua zetu zinaanza Desemba na kukoma Aprili hivi. Baada ya hapo ardhi inakauka kwa miezi, na chini yake mara nyingi ni kokoto na mwamba. Nondo ya erthi iliyopimwa Februari ikatoa kipimo kizuri inaweza kuwa pambo tu ifikapo Oktoba. Ndiyo maana napenda kupima mwishoni mwa kiangazi. Nawafahamu mafundi wanaomwaga ndoo ya maji kwenye chemba, kile kishimo cha nondo, dakika chache kabla ya kupima. Ukimwona fundi wako anafanya hivyo, mwombe arudi wiki ijayo apime pakavu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme erthi yako ina ukinzani wa omu 50. Fezi ikigusa mwili wa chuma wa msumeno, mkondo utakaokimbilia ardhini ni 230 kugawa kwa 50, yaani ampia 4.6. Breka yako, swichi inayokata laini ikizidiwa, ni ya ampia 20. Itaziona ampia 4.6 kama mashine nyingine tu imewashwa, wala haitakata. Chuma cha msumeno kitabaki na umeme, na wewe umesimama juu ya sakafu ya zege yenye unyevu wa chini ya nyumba.

Kwa hiyo RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukivuja, si hiari. Yenyewe hailinganishi na ampia 20. Inapima kama umeme uliotoka kwenye fezi umerudi wote kwenye nyutro, na ukipungua kwa miliampia 30 inakata papo hapo. Hata kwa erthi dhaifu ya omu 50 itakata. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Kikibonyezwa na kisikate, RCD imekufa, ibadilishwe siku hiyo.

RCD haiondoi haja ya erthi nzuri. Nondo moja ikigonga mwamba, usiikate na kuificha chini ya mfuniko. Ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, uziunganishe. Chumvi na mkaa ni dawa ya zamani, lakini chumvi inakula shaba na mvua inaisomba. Udongo wa bentonaiti unashika unyevu kwa muda mrefu zaidi. Na chagua mahali penye unyevu wa bure: karibu na bomba linalomwagilia mchicha, au maji ya bafu yanapotokea.

Hatua ya 4: Gawa laini kwenye bodi ndogo

Karakana iwe na bodi yake, karibu na mlango, mahali unapofika bila kuvuka mashine. Nunua ya njia nane hata kama leo unatumia nne.

Taa ziwe na laini yake: waya wa 1.5, breka ya ampia 6. Tena ziwe na RCD yake, tofauti na ya soketi. Chumba cha chini hakina mwanga wa maana kutoka nje. Mashine ikikatisha RCD moja inayobeba kila kitu, unabaki gizani na bleti, ile sahani yenye meno ya msumeno, bado inazunguka kwa nguvu zake za mwisho. Ongeza na taa moja ya kuchaji ukutani, ile inayojiwasha umeme ukikatika.

Soketi za mezani: waya wa 2.5, breka ya ampia 20. Soketi za katikati na ukuta wa pili: laini nyingine ya namna hiyo. Kompresa: laini yake, breka ya ampia 16 ya aina C, inayovumilia mshtuko wa mota kuanza. Ya aina B itakuwa inakusumbua bure. Kinyonya vumbi kisikae laini moja na msumeno, maana daima vinafanya kazi pamoja.

Rangi: kahawia ni fezi, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni erthi. Kwenye nyumba za zamani kidogo utakuta nyekundu na nyeusi. Mahali zinapokutana, bandika maelezo.

Hatua ya 5: Paipu na soketi

Ukuta mmoja wa chumba chako umegusana na udongo wa mlima. Mwezi wa kwanza mvua zikikolea, ukuta huo unatoka jasho. Usiuchimbe kupitisha nyaya. Tumia kuta nyingine tatu, na paipu zipite juu ya plasta, zikiwa zimeinuliwa kidogo kwa klipu. Wenye nyumba wengi wanataka paipu zifichwe ili papendeze. Hii ni karakana, utahamisha meza kabla mwaka haujaisha.

Nyaya zitembee juu karibu na dari, kisha zishuke kwenye soketi. Zikitembea chini, siku maji yakiingia kwa mlango wa bondeni yatazikuta. Meza ya useremala ina kimo cha sentimita 90 hivi, basi soketi zikae kwenye sentimita 110, juu ya uso wa meza, ambapo ubao mpana ulioegemezwa hauzibi. Weka soketi pacha kila baada ya mita moja na nusu. Utaona ni nyingi. Chaja za drili peke yake zitakula mbili.

Kwa msumeno wa katikati, shusha kebo laini kutoka darini, yenye soketi inayoning'inia juu kidogo ya kichwa. Uzito wake ubebwe na mnyororo au ndoana, kamwe usibebwe na nyaya zilizofungwa kwenye skrubu. Zile soketi za bluu za ampia 16 zenye mfuniko ni ghali kidogo, lakini hazichomoki ovyo na vumbi haliingii. Soketi za kawaida nazo zitafutie zenye mfuniko. Vumbi la msasa likichanganyika na lile la upepo wa Agosti linajaa ndani ya soketi, na plagi isiyokaa vizuri inatoa cheche.

Hatua ya 6: Swichi isiyojirudisha

Hiki ni kifaa kidogo ambacho karibu hakuna anayekiomba. Unapasua ubao, LUKU inaisha. Msumeno unasimama. Unaanza kusafisha meno ya bleti, au kuutoa ubao uliokwama. Huko juu mama watoto ananunua umeme kwenye simu, anaingiza tokeni, na msumeno unawaka mkono wako ukiwa hapo.

Swichi yenye sumaku ya umeme inamaliza jambo hili: umeme ukikatika inajizima, na ukirudi haiwaki mpaka ubonyeze kitufe cha kijani. Misumeno mizuri inakuja nayo. Kama wako hauna, fungiwa. Pamoja nayo weka kitufe kikubwa chekundu cha kukata soketi zote za mashine, karibu na mlango, na umwonyeshe kila anayeingia humo kusaidia kazi.

Kuhusu taa: chagua zisizopepesa. Taa inayopepesa inaweza kufanya bleti inayozunguka ionekane imesimama. Ielekeze kamera ya simu kwenye taa. Ukiona michirizi mikali inayotembea, iweke koridoni, si juu ya msumeno.

Hatua ya 7: Kupima kabla ya kuwasha

Kabla ya umeme kuingia, fundi apime kwamba erthi imefika kwenye kila soketi bila kukatika, kwamba fezi na nyutro hazijabadilishana, na kwamba insulesheni (ganda la plastiki la nyaya) inashika kwa volti 500 bila kushuka chini ya megaomu 1. Umeme ukishaingia apime RCD kwa kifaa, maana kitufe cha T hakionyeshi inakata kwa kasi gani. Fundi aliyekuja na testa ya bisibisi peke yake hajaja kupima.

Andika kwenye mlango wa bodi kila breka inabeba nini, kwa kalamu isiyofutika, kwa Kiswahili ambacho hata kijana wa kazi ataelewa: MEZA, KATI, KOMPRESA, TAA.

Wiki ya kwanza, baada ya kupasua mbao kwa nusu saa mfululizo, zima, chomoa plagi na uiguse. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, kuna skrubu haijakazwa au soketi ni feki, usiendelee kuitumia. Na kama bado utahitaji ekstensheni ya kukunja kwa ajili ya kazi ya nje, ifungue yote kabla ya kuichomekea mashine. Waya uliobaki umejikunja kwenye gurudumu lake unajipika wenyewe.