Kabla ya kulala kwenye MRI ya figo

Kabla ya kuuliza utavua nini ili uingie kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, jiulize kama umeshapima mkojo. Kisukari na presha huanza kuharibu vichujio vya figo, ambavyo ni takriban milioni 1 kwa kila figo, na ni vidogo mno kuonekana kwenye MRI ya kawaida. Watafiti wanajaribu kupima oksijeni na makovu ya figo kwa mashine hiyo, ila bado hakijawa kipimo cha kila siku. Protini kwenye mkojo na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huichuja) kwenye damu ndizo zinazotangulia kusema, tena kwa bei nafuu zaidi. Ukiambiwa uanze na MRI, uliza: tunatafuta nini?

Lipo jibu ambalo mimi naliona la maana: ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji kwenye figo. Katika aina yake ya kawaida, mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Vifuko huongezeka na figo hutanuka kwa miaka mingi huku kreatinini ikisoma vizuri, kwa sababu sehemu zilizobaki nzima hubeba mzigo wote. Mara nyingi huanzwa na ultrasaundi, lakini MRI huona vifuko vidogo zaidi. Mwenye mzazi mgonjwa, akiwa na umri wa miaka 16 hadi 40, akikutwa na vifuko zaidi ya 10 kwenye figo zote mbili, huhesabiwa kuwa anao. Ukubwa wa figo, ukilinganishwa na umri na kimo, humsaidia daktari kukadiria nani atadhoofika haraka. Basi kaa na wazee nyumbani kwanza: nani aliugua figo, na alianza kusafishwa damu akiwa na umri gani?

Utaelekezwa idara ya mionzi, ingawa mashine hii haitumii eksirei. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Sumaku yake, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3, haizimwi wewe ukiwa nje. Taja mapema betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Fundi wa kuchomelea vyuma aseme kama kipande kiliwahi kumruka jichoni. Pini za ushungi, vibanio vya wigi, hata hirizi yenye kasha la chuma, acha nje.

Kuhusu dawa ya kung'arisha picha, ile yenye metali ya gadolini: mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaza ngozi kwa watu ambao figo zao zilikuwa hoi. Aina zinazopendelewa sasa zina hatari ndogo sana, lakini nenda na majibu yako ya damu, hasa kama kiwango cha uchujaji wa figo (huandikwa eGFR) kiko chini ya 30. Kupima ukubwa wa figo hakuhitaji dawa hiyo. Mjamzito aseme.

Ukiambiwa ufunge kula, mwenye sindano za insulini aulize afanyeje. Dawa za presha usiziache kwa kujiamulia. Nyumbani, jizoeze kutoa pumzi na kuizuia sekunde 15 au 20, maana ukihema picha huchafuka. Mashine hugonga kwa kelele, utapewa vya kuziba masikio. Anayeogopa mahali pa kubana aseme siku ya kupanga miadi, si akiwa ameshalazwa.

Ukitoka, omba picha zenyewe kwenye CD pamoja na karatasi ya majibu. Kipimo cha pili kitahitaji kulinganishwa nazo.