Upindo wa sketi ya shule
Mama mwenzangu unayemshonea mtoto sare ya darasa la kwanza, mwambie fundi aache upindo mpana, vidole vinne hivi, na aushone kwa mkono, si kwa cherehani. Uzi wa mkono unaufumua kwa wembe dakika tano tu. Sketi ya binti yangu nimeishusha mara mbili. Sasa yuko la tatu na kiuno ndicho kimeanza kubana. Mkunjo wa zamani upake siki kidogo, weka kitambaa chenye unyevu juu, piga pasi. Ule mstari wa bluu usiopauka, uliokuwa umefichwa ndani ya upindo, hautoki, usihangaike nao. Mimi yangu miwili naiacha: wa chini ni wa mwaka alipong'oka jino la kwanza.