Kudhibiti programu zinazofanya kazi chinichini kwenye Android, bila kuua zile unazozihitaji

Mara ya tatu alipokuja hakunisalimia. Aliweka simu juu ya meza, helmeti bado iko kichwani, akasema, "Fundi, imelala tena."

Ni dereva wa bodaboda wa pale Msamvu, Morogoro, na abiria wake wengi anawapata kwa programu ya simu. Akifunga kioo na kuitia simu mfukoni, baada ya muda maombi hayaingii. Akiifungua anakuta yuko nje ya hewa. Mara mbili nilimrudishia simu nikiapa imepona, na mezani kwangu kweli ilikuwa imepona. Kosa lilikuwa langu, nitalieleza kwenye hatua ya 5, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Mwenye haraka arukie huko.

Wengi wanaokuja kwangu wana shida ya upande wa pili: bando linayeyuka, chaji haifiki jioni. Shida hizi mbili ni ndugu. Kuna programu zinakesha bila kazi, na kuna nyingine zinalazwa wakati zina zamu.

Simu yangu nimeiweka Kiswahili, kwa hiyo majina ya menyu nitakayotaja ni ya humo. Watengenezaji hubadilisha neno hapa na pale. Usipoona neno lilelile, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio, andika "betri" au "data", utafika.

Hatua ya 1: Mkamate mlaji kabla hujagusa kitu

Fungua Mipangilio, ingia Betri, halafu matumizi ya betri. Kisha nenda kwenye Mtandao na uangalie matumizi ya data ya kila programu. Bonyeza jina la programu moja moja. Utaona hesabu mbili: data iliyotumika ukiwa umeifungua, na data iliyotumika chinichini. Hiyo ya pili ndiyo tunayoitafuta.

Shangazi yangu alikuwa ameshawatuhumu wajukuu wote nyumbani kwamba wanamwibia MB. Tulipofungua orodha, programu ya kuhifadhi picha ilikuwa na MB 870 chinichini na MB 6 tu mbele. Alikuwa ametoka kwenye harusi ya binti wa jirani, amepiga picha na video za kutosha, na simu ikawa inazipandisha usiku kwa bando lake. Akacheka mpaka akafuta machozi, lakini wajukuu sikusikia wameombwa radhi.

Hatua ya 2: Acha kufagia

Najua unaipenda ile ya kufungua orodha ya programu za karibuni na kuzirusha zote juu. Inaridhisha kama kufagia uwanja asubuhi, ila haisaidii chaji. Programu uliyoiacha pale mara nyingi imeshalala, inakalia nafasi ya kumbukumbu tu. Ukiirusha, halafu ukaifungua tena baada ya dakika 10, simu inaipakia upya toka mwanzo, na kazi hiyo inakula chaji zaidi. Ni sawa na mama lishe anayemwagia maji jiko la mkaa kila akiepua sufuria, kisha analikoka upya kwa ajili ya sufuria inayofuata. Rusha programu iliyoganda, nyingine ziache.

Programu za kusafisha RAM (ndiyo hiyo kumbukumbu) na kuongeza kasi futa zote. Sina kauli ya upole hapa. Ni programu inayokesha ili ilaze wenzake, na wenzake wakiamka inawalaza tena, huku ikikuonyesha matangazo. Kazi halali unayoitarajia kwake Android inaifanya yenyewe.

Hatua ya 3: Ziba mifereji ya bando

Duka la Play: bonyeza picha yako ya wasifu, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, weka masasisho yapite kwenye Wi-Fi pekee. WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, upande wa data ya simu toa alama kwenye picha, sauti, video na hati. Humohumo WhatsApp, kwenye hifadhi rudufu ya gumzo, zima matumizi ya data ya simu. Fanya hivyo pia kwenye programu ya picha iliyomponza shangazi.

Mtego uko kwa wenye ruta ndogo ya mfukoni yenye laini ndani yake. Simu haijui kwamba intaneti ile nayo ni ya bando. Inaona Wi-Fi, inadhani iko ofisini kwa watu, inamwaga masasisho na picha zote. Bonyeza jina la mtandao huo kwenye orodha ya Wi-Fi, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, uchague uhesabiwe kama mtandao unaopima data. Nimeona GB 5 zikiondoka kabla ya chakula cha mchana kwa kukosa kitufe hicho kimoja.

Hatua ya 4: Walaze wasio na zamu

Tangu Android 12 ya mwaka 2021, kila programu ina ngazi tatu za betri: bila vizuizi, iliyoboreshwa, na iliyozuiwa. Njia ni Mipangilio, Programu, chagua programu, Betri. Kwenye matoleo ya karibuni utakuta swichi ya kuruhusu matumizi ya chinichini. Bonyeza maneno yenyewe badala ya swichi, ngazi nyingine zitafunguka ndani.

Weka "iliyozuiwa" kwenye michezo, maduka ya mtandaoni, programu za mikopo, tochi, mapambo ya kioo na kila kitu ambacho usipokifungua hukikumbuki. Zinazobaki ziache kwenye "iliyoboreshwa". Basi.

Hatua ya 5: Waruhusu wenye zamu, kisha uwajaribu bila chaja

Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu.

Elewa kwanza simu inalalaje. Kuanzia Android 6, iliyotoka 2015, simu iliyofungwa kioo, iliyotulia mahali pamoja na isiyo kwenye chaji huingia usingizini. Programu zinakatiwa mtandao, kazi zinazosubiri zinapewa dirisha fupi la kupumua, na simu ikizidi kulala madirisha hayo yanazidi kuachana. Android 7 ikaongeza usingizi mwepesi hata kama simu iko mfukoni inatembea.

Rudia maneno haya: isiyo kwenye chaji. Mimi mezani kwangu kila simu inayoingia naichomeka chaja, ni mazoea ya mkono. Nikafunga kioo cha simu ya dereva, nikangoja, nikaomba safari ya majaribio kwa simu yangu, ikalia vizuri. Nikamwita aje achukue. Kumbe simu iliyo kwenye chaji haiingii usingizi huo kabisa. Nilikuwa nampima mgonjwa akiwa amelishwa dawa.

Kwa hiyo jaribio la kweli liko hivi. Chomoa chaja. Funga kioo. Iache simu mezani saa nzima bila kuigusa, wala usiinyanyue kuangalia saa. Halafu mtume mtu akupigie kwa programu husika au akutumie ujumbe. Ikilia, irudie ikiwa mfukoni. Kwa mtu wa bodaboda hilo la pili ndilo la muhimu, lakini la kwanza ni kali zaidi, nami nalianza hilo.

Ya kurekebisha ni haya, na usiruke hata moja kwa programu inayokupa riziki.

Betri: weka "bila vizuizi". Iwe kwa programu mbili au tatu tu. Ukiweka kumi, umerudi ulikotoka.

Mahali: kwa programu inayohitaji kujua ulipo kioo kikiwa kimefungwa, ruhusa ya mahali iwe ya wakati wote kama programu yenyewe inaiomba. Kuanzia Android 11 huwezi kuitoa kwenye kile kidirisha kinachoruka. Lazima uingie Mipangilio mwenyewe. Wengi hubonyeza "wakati wa kutumia programu" wakadhani wamemaliza.

Kiokoa betri: huyu ni mnafiki. Mchana kutwa mambo yanaenda, jioni chaji ikifika asilimia 20 kinajiwasha chenyewe kama kilipangwa hivyo, na programu zinaanza kukosa mahali kioo kikifungwa. Mwenye simu anakwambia "usiku ndiyo inagoma", nawe unahangaika na mtandao wa usiku. Kwa anayefanya kazi kwa simu, toa ratiba ya kujiwasha, anunue pawabenki.

Kiokoa data: ukikiwasha, fungua orodha ya programu zisizowekewa vizuizi uitie ile unayoihitaji. Dalili yake naijua kwa macho: kwenye arifa WhatsApp inakwambia huenda una ujumbe mpya, bila kukuonyesha ujumbe wenyewe. Imeamshwa, ila imenyimwa njia ya kwenda kuuchukua.

Nilipomaliza hayo yote, simu ya dereva ikafeli tena kwenye jaribio la saa nzima. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, yeye amekaa kwenye benchi langu anahesabu abiria wanaompita. Mwisho nikafungua ile programu ya utunzaji wa simu ambayo mtengenezaji anaiweka mwenyewe, yenye picha ya ngao au ufagio, ambayo mimi nilikuwa nairuka kwa dharau kwa sababu niliihesabu kundi moja na wasafishaji wa hatua ya 2. Ndani yake kulikuwa na orodha nyingine kabisa, isiyosikilizana na ile ya Android. Swichi ya kuanza kiotomatiki kwa programu ya abiria ilikuwa imezimwa. Na chini zaidi palikuwa na kitu cha kusafisha programu kila kioo kikifungwa, kimewashwa. Yaani kila alipoweka simu mfukoni, ufagio ulipita.

Si simu zote zina menyu hii, na zilizonayo kila moja inaificha mahali pake. Itafute kwa maneno haya: kuanza kiotomatiki, kuzindua kiotomatiki, kusafisha kioo kikifungwa. Kisha fungua orodha ya programu za karibuni, shikilia kadi ya programu unayoitaka, na ukiona alama ya kufuli ifunge. Ikifungwa, hata mkono wa mazoea ukirusha zote juu, ile inabaki.

Tukachomoa chaja, tukafunga kioo, tukangoja. Akaenda kunywa chai, akarudi. Saa moja na dakika chache nikaomba safari, simu ikalia juu ya meza. Hakusema kitu. Akavaa glavu.

Neno moja kuhusu "lazimisha kusimamisha", kile kitufe kilicho ndani ya taarifa za kila programu. WhatsApp haihitaji kuwa macho ili upate ujumbe. Huduma za Google Play, programu ya Google iliyomo ndani ya simu, zinashikilia uzi mmoja na seva, yaani kompyuta za mbali zinazopitisha ujumbe, na ujumbe ukifika zinaiamsha WhatsApp. Ukiisimamisha kwa kulazimisha, unakata uzi huo mpaka uifungue tena kwa mkono wako. Kwa hiyo kitufe hicho ni cha programu uliyoichoka, kisiwe cha unayoisubiri. Na kwenye baadhi ya simu zenye ule ufagio, kurusha kadi juu kunahesabiwa kama kulazimisha. Ndiyo sababu watu wawili wenye Android moja hubishana, mmoja akisema kurusha hakudhuru, mwenzake akisema akirusha hapati meseji. Wote wanasema kweli.

Hatua ya 6: Chaguo za wasanidi, ziache

Utaambiwa na mjuaji wa kundini ubonyeze nambari ya muundo mara 7, ufungue chaguo za wasanidi, ile menyu iliyofichwa ya watengeneza programu, uweke kikomo cha michakato ya chinichini kiwe sifuri. Usifanye. Utaua na mwenye zamu na asiye na zamu, na ukiwasha simu upya mpangilio unarudi ulivyokuwa, kwa hiyo hata faida yenyewe haidumu. Mimi naingia humo kuangalia huduma zinazoendelea, natazama, natoka.

Mwenye Android 13 na kuendelea ana njia nyepesi zaidi: shusha paneli ya juu mara mbili, chini kabisa patakuwa na idadi ya programu zinazofanya kazi muda huo, na nyingi zina kitufe cha kusimamisha.

Wenye iPhone

Kwenu ni kifupi. Mipangilio, Jumla, usasishaji wa programu chinichini, zima usizozihitaji. Arifa za ujumbe zitaendelea kuingia. Hali ya kuokoa betri ikiwaka inauzima usasishaji huo wote, kwa hiyo usishangae ukikuta swichi zimefifia.

Baada ya sasisho kubwa la mfumo, fungua tena ile programu yenye ngao uangalie swichi zake. Kwa dereva wangu zilijirudisha zenyewe miezi miwili baadaye. Safari hiyo hakuja kibandani, alipiga simu, nikamwelekeza kwa mdomo akiwa kijiweni, na nikamwambia kwanza achomoe chaja.