Skuta ya umeme Malindi ipite wapi? Pima barabara kwanza, kisha andika maoni

Skuta za umeme, zile ndogo za kusimama juu yake zenye mota, zikitajwa barazani Malindi, watu hugawanyika papo hapo. Hawa husema hiyo ni pikipiki, ikae barabarani na boda boda. Wale husema ni sawa na baiskeli, ipite pembeni na waenda kwa miguu. Ubishi hauishi kwa sababu wote wanabishania jina la chombo. Mzee anayegongwa akitoka msikitini huumizwa na uzito na mwendo, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kupishana. Mwendo na nafasi vinapimika kwa tepu, chaki na simu.

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, wazazi wa shule, viongozi wa steji za boda boda na vijana wenye skuta wanaotaka kupeleka kwa kaunti maoni ambayo hayatawekwa kando. Kazi yenyewe ni ya watu wanne kwa siku tatu.

Tafuteni tepu ya mita 30, ile ya mafundi wa ujenzi. Ya mita 5 haifai, maana kila ukiihamisha unaongeza kosa dogo, na makosa madogo hujumlishana. Muwe pia na chaki, simu mbili zenye saa ya kuhesabu sekunde, daftari na kalamu za risasi, kwa kuwa wino huvuja kwa jasho la mkono. Kila atakayesimama ukingoni avae koti la kuakisi mwanga. Asiyekuwa nalo asisimame barabarani, abaki na daftari.

Upana

Chagueni kipande kimoja cha mita 200 chenye ubishi, kwa mfano sehemu ya Barabara ya Casuarina au ya Lamu Road. Kila baada ya mita 20, pimeni kutoka ukingo wa lami hadi kwenye ukuta, ua au mtaro. Kisha toeni kile kisichotumika. Nusu mita hupotea kando ya ukuta au mtaro, kwa sababu hakuna anayetembea akijisugua ukutani wala akining'inia juu ya mtaro. Toeni pia nguzo ya umeme, meza ya madafu, na magurudumu ya boda boda zinazongoja abiria.

Mfano: njia ina mita 2.4. Ukitoa nusu mita ya ukuta na sentimita 60 za gurudumu la boda boda lililochomoza, inabaki mita 1.3. Usukani wa skuta ni kama nusu mita, lakini anayeiendesha huyumba kidogo kushoto na kulia, kwa hiyo anahitaji karibu mita nzima. Mama aliyemshika mtoto mkono naye anataka mita na ziada. Hapo hawapishani, hata wakiwa waungwana kiasi gani.

Andikeni namba ya mahali pembamba zaidi, msiandike wastani. Wastani ndio unaoharibu ripoti nyingi: njia yenye mita 4 hapa na mita 1 pale husomeka kama mita 2.5, na ajali hutokea pale penye mita 1. Wahandisi wengi huanzia mita 1.5 kwa njia ya baiskeli ya upande mmoja, na mita 3 kwa njia inayochangiwa na wenye miguu na wenye magurudumu, wa kwenda na wa kurudi.

Mkiwa hapo, tieni alama kila penye mchanga juu ya lami na kila palipofunikwa na majani makavu ya mivinje. Majani hayo membamba yanaonekana hayana neno, ila tairi dogo huteleza juu yake kama juu ya punje za mtama. Mashimo nayo yapimwe kina. Skuta nyingi zina gurudumu la inchi 8.5, yaani sentimita 21 na kitu kwa kipenyo; la baiskeli ya kawaida ya inchi 26 ni sentimita 66. Shimo la sentimita 5 ambalo baiskeli hulipita kwa mtikisiko tu, linatosha kusimamisha gurudumu la skuta ghafla na kumrusha mtu mbele ya usukani. Mnaposikia mwenye skuta analalamika kwamba ukingo wa barabara haupitiki, hiyo ndiyo sababu.

Hesabu ya watu

Hesabuni kwa vipindi vya dakika 15, vinne kwa saa. Saa zenye maana ni 12:30 hadi 1:30 asubuhi watoto wakienda shule, 7:00 hadi 8:00 mchana, na 10:30 hadi 12:30 jioni. Ijumaa mchana ihesabiwe peke yake, kwa sababu watu wakitoka msikitini barabara huwa na sura nyingine kabisa. Msihesabu shule zikiwa zimefungwa. Andikeni pia kama ni msimu wa wageni au la.

Mmoja ahesabu miguu na mikokoteni, mwingine ahesabu baiskeli, skuta, boda boda, tuktuk na magari. Mtu mmoja akipewa vyote, baada ya dakika kumi macho yake hufuata kile alichotumwa kukitafuta, na waenda kwa miguu ndio wanaopotea kwanza kwenye hesabu. Watoto, wazee wenye bakora na watu wa viti vya magurudumu wapewe safu yao. Hao hawawezi kuruka pembeni, na kanuni yoyote ianzie kwao.

Mwendo

Hapa ndipo pa kutumia muda, maana hapa ndipo watu hudanganyana zaidi. Mwenye skuta husema, "Mimi naenda polepole." Mwenye duka husema, "Wanapita kama risasi." Wote wawili wanasema kwa hisia.

Pigeni mstari wa chaki kukata njia, pimeni mita 30 kamili, pigeni mstari wa pili. Mwenye simu asimame katikati, mbali kidogo na ukingo, aione mistari yote miwili. Gurudumu la mbele likigusa mstari wa kwanza, anaanzisha saa. Likigusa wa pili, anasimamisha. Kisha gawanyeni 108 kwa sekunde mlizopata, na jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 10.8 ni kilomita 10, sekunde 7.2 ni 15, sekunde 5.4 ni 20, na sekunde 4.3 ni 25. Anayetembea kwa kasi huchukua kama sekunde 18.

Kwa nini mita 30 na si 10? Kidole huchelewa au huwahi kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye mita 10, skuta ya kilomita 25 hupita kwa sekunde 1.4 hivi, na kosa hilo dogo linaweza kuisomesha 22 au 29. Kwenye mita 30, kosa lile lile linaisomesha kati ya 24 na 26. Ripoti ya mita 10 itaangushwa na swali moja tu la mhandisi wa kaunti.

Pimeni skuta zote zinazopita, msichague zile za kasi. Pimeni na baiskeli na boda boda kwa mistari hiyo hiyo, la sivyo mtaambiwa mna chuki na chombo kimoja. Namba ya skuta inayoonekana kwenye kioo chake isiaminiwe kabla ya kulinganishwa na chaki, kwa kuwa hupiga hesabu kwa ukubwa wa gurudumu, na tairi lililopungua upepo huipotosha.

Breki

Jaribio hili lifanywe na mwenye skuta kwa hiari yake, akiwa na helmeti, alfajiri kukiwa kweupe na barabara tupu. Kwanza kagueni chombo. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa ubavuni au kwenye kitabu chake. Kwa tairi nyingi za inchi 8.5 ni kama psi 45 hadi 50. Mkono wa breki ushike kabla ya kufika nusu ya safari yake. Ukifika karibu na usukani ndipo ushike, waya umelegea: kazeni waya kwa kuzungusha skrubu ya kurekebishia nusu mzunguko, jaribuni tena. Hewa yetu ya chumvi hutia kutu diski kwa siku chache tu, na breki hulia na kuteleza asubuhi ya kwanza. Pangusa diski kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta yasiguse diski hata tone, yakigusa, breki hiyo haifai tena mpaka pedi zibadilishwe. Mwisho, tikisa nguzo ya usukani mbele na nyuma. Ikicheza penye kikunjo, jaribio lisifanyike hadi fundi akaze.

Wekeni mstari wa chaki. Mwendeshaji afike hapo akiwa kilomita 15, avute breki gurudumu likigusa mstari, akunje magoti na kurudisha uzito nyuma. Pimeni kutoka mstari hadi gurudumu la mbele lilipotulia. Mara tatu. Rudieni kwa kilomita 25. Rudieni yote kwenye kabro, kisha kwenye lami yenye mchanga mwembamba, lakini kwa mchanga mwisho uwe 15. Andikeni matokeo mabaya kuliko yote matatu, pamoja na uzito wa mwendeshaji.

Kwenye lami kavu na breki nzuri mtapata kama mita 2.5 kwa kilomita 15, na karibu mita 7 kwa kilomita 25. Mchanga unaweza kuuzidisha urefu huo mara mbili. Nusu ya kazi imebaki: mwendeshaji wenu alijua atavuta breki wapi. Aliyeshtukizwa na mtoto anayetoka kichochoroni hupoteza sekunde moja kabla ya kushika, na kwa sekunde moja amekwenda mita 4 kwa mwendo wa 15, au mita 7 kwa mwendo wa 25. Jumlisheni. Kwa 15 anahitaji chini ya mita 7, kwa 25 anahitaji mita 14 kavu, na zaidi ya 20 penye mchanga. Vichochoro vya Shela havikupi mita 14 za kuona mbele.

Kengele nayo ijaribiwe. Skuta haina mlio wa injini, na upepo wa kusi hubeba sauti. Mtu asimame amegeuza mgongo, mwingine apige kengele akiwa mita 10 nyuma. Asiposikia, kengele hiyo ni pambo. Hata akisikia, kwa mwendo wa 25 ana sekunde moja na nusu ya kugeuka na kupisha.

Kutoka kwenye namba hadi kwenye pendekezo

Maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi. Njia ya waenda kwa miguu yenye upana halisi chini ya mita 3 isipitwe na skuta inayoendeshwa. Mwenyewe ashuke aisukume. Penye mita 3 au zaidi, iruhusiwe kwa kilomita 15. Barabara za mitaa zenye mwendo mdogo, iruhusiwe hadi 25, na taa mbele na nyuma, helmeti, mtu mmoja tu juu yake. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, hapana, mpaka ukingo utengenezwe: kumtoa mtu kwenye njia ya miguu na kumtupa mbele ya matatu na malori ni kuhamisha msiba. Mwenye skuta naye ni mtoto wa watu.

Wengine walitangulia, na makosa yao yanafundisha. Ujerumani iliweka kanuni tangu Juni 2019: mwisho kilomita 20 kwa saa, breki mbili zinazojitegemea, taa, kengele na kibati cha bima, na skuta hupita njia ya baiskeli, au barabarani pasipo na njia hiyo. Singapore ilizipiga marufuku kwenye njia za miguu Novemba 2019, na waliokuwa wakisafirisha chakula kwa skuta ndio waliobanwa kwanza. Paris ilipiga kura Aprili 2023, na karibu asilimia 89 walikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya waliosajiliwa. Kura ile ilihusu skuta za kukodisha, si za watu binafsi. Kwa hiyo kwenye waraka wenu andikeni bayana mnazungumzia zipi. Za kukodisha huleta tatizo la kuachwa ovyo njiani, na dawa yake ni maegesho yaliyochorwa.

Upande wa sheria, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huhesabu kuwa gari chombo kinachosukumwa kwa mashine, hivyo skuta yenye mota haiwezi kujificha nyuma ya jina la baiskeli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Barabara kuu za taifa na sheria za usalama barabarani kwa jumla ziko kwa serikali ya kitaifa. Msichanganye hayo mawili katika ombi moja, kwa kuwa kila ofisi itawatuma kwa mwenzake.

Ombi la kaunti liwe la maandishi, lieleweke, na lihusu jambo lililo mikononi mwa kaunti. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kuliwasilisha, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inailazimu kaunti kujibu. Ukurasa wa kwanza uwe na ombi lenyewe kwa sentensi tatu, wa pili upana, wa tatu hesabu ya watu, wa nne mwendo na breki, kisha majina na sahihi. Tieni sahihi za wenye skuta na za watu wa steji pia. Ombi lililosainiwa na upande mmoja husomwa kama malalamiko. Toeni nakala tatu: ya karani wa Bunge la Kaunti ya Kilifi, ya ofisi ya manispaa ya Malindi, na ya kwenu. Ile ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hamjaondoka dirishani, na upigeni picha ukurasa huo papo hapo.