Viza ya Kazi Katika Maduka ya Mitindo: Ni Wapi Mwajiri Hudhamini Kweli

Muuzaji wa duka la nguo hapewi viza ya kazi ya Uingereza kwa sababu ya kuuza nguo. Ni vyema jambo hili lisemwe mwanzoni, kwa kuwa matangazo yanayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya Wakenya, Watanzania na Waganda huahidi kinyume chake, na anayeyasoma humkumbuka binamu yake anayesimama kwenye kaunta ya duka kubwa jijini London, akadhani kwamba duka hilo ndilo lililomleta. Binamu huyo, kwa kawaida, aliingia kwa mlango mwingine: ama ni mwanafunzi, ambaye sheria humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ama ni mke au mume wa mtu mwenye viza ya kazi, ama ana viza wanayopewa wahitimu wa vyuo vikuu, ambayo ni ya miaka 2 na itapunguzwa hadi miezi 18 kwa wengi watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Duka lilimwajiri kwa kuwa tayari alikuwa na haki ya kufanya kazi, wala halikumdhamini.

Tangu tarehe 22 Julai 2025, viza ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi hutolewa, kwa kanuni ya jumla, kwa kazi za kiwango cha shahada zenye mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka. Ni kweli kwamba serikali ya huko huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, na ni kweli kwamba majina ya kampuni za mitindo yamo, lakini leseni hizo hutumika kwa watu wa makao makuu, kama vile wabunifu na wahandisi wa programu, na kulikuta jina la kampuni katika orodha hakuthibitishi kwamba ina nafasi yoyote. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri wa Uingereza haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi wa viza hiyo gharama ya leseni wala ya cheti cha udhamini, kwa hiyo mtu anayekuuzia cheti hicho kwa maelfu ya pauni anakuuzia kitu ambacho kisheria hakiuzwi.

Kanada haiko mbali na hapo. Muuzaji wa duka huhesabiwa katika kundi la mishahara ya chini, na mwajiri lazima kwanza apate kibali kiitwacho LMIA, kinachothibitisha kwamba hakuna Mkanada aliyepatikana kwa kazi hiyo. Tangu Septemba 2024 maombi ya kundi hilo hayashughulikiwi, isipokuwa kwa sekta chache zilizosamehewa, katika maeneo ya miji yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 au zaidi, na maduka mengi ya mitindo yako katika miji ya namna hiyo. Kuhusu Marekani, sioni sababu ya kumpotezea msomaji muda: hakuna viza ya kazi iliyowekwa kwa ajili ya wauzaji wa nguo.

Katika Ulaya, njia ambayo ningemshauri kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita aichunguze kwa makini ni ya Ujerumani, ambako uuzaji wa rejareja ni taaluma yenye mafunzo rasmi. Mafunzo hayo, yaitwayo Ausbildung, huchukua miaka 2 kwa muuzaji na miaka 3 kwa mfanyabiashara wa rejareja, na mwanafunzi hugawanya muda wake kati ya shule ya ufundi na duka lenye mkataba naye, huku duka likimlipa kila mwezi tangu mwanzo. Duka la nguo linalotambuliwa kuwa mahali pa mafunzo linaweza kumchukua mtu kutoka Nairobi au Moshi, na mkataba huo ndio humwezesha kuomba viza ya mafunzo. Kikwazo ni lugha. Kijerumani cha kiwango cha B1 ndicho kinachodaiwa kwa kawaida, na kazi ya kuuza haina pa kujificha, kwa kuwa mteja anayeuliza kama koti linafuliwa kwa mashine anataka jibu papo hapo. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi mnamo Septemba 2024 jijini Berlin, lakini mkataba huo haumwondolei mtu sharti la lugha wala haumpi kazi, ingawa mawakala wengine huutaja kana kwamba ni tiketi ya ndege.

Mahali ambapo kampuni humletea muuzaji wa nguo viza ya kazi kila mwaka, tena kwa wingi, ni Ghuba, hasa Falme za Kiarabu. Hata hapo nchi hazifanani. Saudi Arabia ilianza mwaka 2018 kutenga sehemu kubwa ya kazi katika maduka ya nguo kwa raia wake, na mwaka 2021 ikaongeza masharti kwa maduka yaliyomo katika majengo makubwa ya biashara. Oman nayo mwaka huohuo wa 2021 ilitenga kazi za mauzo na za keshia katika majengo ya namna hiyo. Tangazo la kazi ya kuuza nguo Riyadh au Muscat, kwa hiyo, lisomwe kwa shaka. Qatar ina kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, pamoja na riali 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri havitoi, ilhali Falme za Kiarabu hazijaweka kima cha chini kwa wageni, na kinacholindwa huko ni kile tu kilichoandikwa katika mkataba.

Anayetafuta kazi Dubai au Abu Dhabi afahamu kwanza kwamba jina lililo juu ya mlango wa duka mara nyingi si jina la mwajiri. Maduka ya mitindo ya kigeni huendeshwa na makampuni ya kikanda yaliyonunua haki ya kutumia majina hayo: Zara huendeshwa na Azadea, H&M na American Eagle na Alshaya yenye makao yake Kuwait, Aldo na Charles & Keith na Apparel Group, na Bloomingdale's na Al Tayer, huku Landmark ikiwa na maduka yake yenyewe kama Splash, Max na Centrepoint, na Chalhoub ikijulikana kwa bidhaa za anasa. Faida ya kulijua hili ni mbili. Maombi hupelekwa katika tovuti za ajira za makampuni hayo, ambako ombi moja linaweza kusomwa kwa ajili ya maduka kadhaa; na barua inayodai kutoka Zara ya Hispania ikikuajiri moja kwa moja kwa duka la Dubai inajifichua yenyewe.

Msimu nao una maana. Makampuni huongeza watu kabla ya Ramadhani na Idi, na kabla ya Tamasha la Ununuzi la Dubai linaloanza Desemba, hivyo anayeomba wiki moja kabla ya Idi amechelewa, kwa kuwa usaili, kibali na vipimo huchukua wiki kadhaa.

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Na. 33 ya mwaka 2021, inayotumika tangu Februari 2022, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kampuni, yaani kafili, ndiyo inayolipia kibali cha kazi, viza ya kuingia na kitambulisho cha ukaazi. Wakala anayekuambia kwamba viza ni shilingi kadhaa na utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza anakuomba ulipe deni ambalo si lako, na kwa uzoefu wa wengi, mshahara huo wa kwanza haufiki. Pesa unazoweza kuzitumia kwa haki ni za pasipoti, cheti cha tabia njema na vipimo vya nyumbani. Vipimo hivi vya nyumbani visidharauliwe, kwa sababu ukifika utapimwa tena virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, na majibu yasiyokubalika hukunyima ukaazi. Ni afadhali kujua hali yako kabla ya kuuza shamba au kuacha kazi.

Barua ya ajira husainiwa kabla ya safari, na mkataba utakaosajiliwa katika Wizara ya Rasilimali Watu, inayojulikana kwa kifupi MOHRE, haupaswi kuwa chini ya barua hiyo. Barua halisi ina namba ya muamala inayoweza kuthibitishwa katika tovuti ya wizara. Ukiisoma, usiangalie jumla ya chini tu. Mshahara hugawanywa kuwa wa msingi, posho ya malazi, posho ya usafiri na wakati mwingine kamisheni ya mauzo, na mwajiri mjanja huufanya wa msingi kuwa mdogo sana, kwa sababu kiinua mgongo hukokotolewa juu yake peke yake: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Kamisheni nayo isihesabiwe kuwa mshahara, kwa kuwa duka lisipofikia lengo la mwezi hakuna anayeipata. Uliza vilevile kama malazi ni chumba cha kampuni chenye basi la kukupeleka kazini, au ni fedha utakazokodia kitanda Deira au Satwa, mitaa ya Dubai, kwa bei utakayoihangaikia mwenyewe.

Saa za kawaida hazizidi 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na hupunguzwa kwa saa 2 kila siku katika Ramadhani. Saa za ziada hulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25, au 50 zikiangukia kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri isipokuwa kwa wanaofanya kazi kwa zamu, jambo ambalo watu wa madukani waliulize mapema kwa kuwa majengo ya biashara hufungwa usiku sana.

Wapo wanaokwenda kwa viza ya matembezi wakahudhuria usaili papo hapo, na wengine hufanikiwa. Kuhudhuria usaili ni jambo moja na kuanza kazi ni jingine: kukubali kupanga nguo stoo kwa majaribio kabla ya kibali kutoka ni kosa kwako na kwa mwajiri, na tangu mwaka 2024 faini ya mwajiri huanzia dirhamu 100,000. Viza ikiisha, kila siku ya ziada ni dirhamu 50. Asiye na fedha za kurudi nyumbani asiende kwa njia hii.

Kwa aliyeko huko tayari, tuseme mlinzi au mhudumu wa mkahawa anayetaka kuhamia dukani, muda wa majaribio ndio unaoamua. Muda huo hauzidi miezi 6, na anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ndani yake lazima atoe notisi ya mwezi mmoja, huku mwajiri mpya akipaswa kumlipa wa zamani gharama za kumwajiri, isipokuwa wakikubaliana vingine; kampuni nyingi hazitaki mzigo huo kwa ajili ya keshia. Baada ya majaribio, notisi ni ya siku 30 hadi 90. Anayeondoka kimya kimya anaweza kunyimwa kibali kipya kwa mwaka mzima.

Kuhusu wasifu, Waafrika Mashariki wengi hujidhulumu. Aliyeuza mitumba Gikomba, Karume au Owino kwa miaka kadhaa anajua kutambua kitambaa kwa kukishika, kupanga bidhaa kwa saizi, kuhesabu stoo na kubadilisha nia ya mteja aliyekwisha kugeuka, lakini huandika tu kwamba alifanya biashara ndogo. Aandike mambo hayo kwa uwazi, ataje kama ametumia mashine ya mauzo au kupokea malipo ya kadi, na kama ana Kiarabu, hata kidogo cha Pwani au cha madrasa, akiseme. Aliyefanya kazi katika duka lenye viwango vya kigeni nyumbani, kama LC Waikiki ya Nairobi, aliweke mbele.

Ukimtumia wakala, leseni yake ithibitishwe kabla ya kumpa pasipoti: Kenya kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania Bara kwa wakala wa serikali wa huduma za ajira (TaESA), Zanzibar kwa Kamisheni ya Kazi, na Uganda kwa wizara inayosimamia kazi, ambazo hutunza taarifa za mawakala wanaoruhusiwa. Hifadhi nakala ya barua ya ajira nje ya simu yako, kwa ndugu au katika barua pepe, kwa sababu mgogoro ukitokea ndiyo itakayoulizwa kwanza. Malalamiko hupelekwa MOHRE bila wakili, na tangu Januari 2024 wizara yenyewe inaweza kutoa uamuzi kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000, kiasi ambacho madai ya muuzaji wa duka ni nadra kukivuka. Madai hayo hupokelewa hadi miaka 2 baada ya ajira kwisha.