Namna ya Kuchunguza Chanzo na Matokeo ya Vita vya Mataifa Makubwa Ukianzia Kigoma na Tabora

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa Historia, mlezi wa klabu ya shule, au mkazi yeyote wa Kigoma na Tabora anayetaka kuelewa kwa nini mataifa makubwa hupigana, na nani hubaki akilipa gharama baada ya mizinga kunyamaza. Kwa miaka kadhaa nilifundisha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia kwa kuanzia Sarajevo, na kila mtihani ulipofika nilisahihisha jibu lile lile: vita vilitokea kwa sababu mrithi wa kiti cha enzi cha Austria alipigwa risasi. Wanafunzi walikuwa wamejibu sawasawa na nilivyowafundisha, kwa maana niliwaonesha kiberiti bila kuwaonesha kuni.

Kwa hiyo anza na kitu ambacho watu wa hapa wanakijua, na kwa Kigoma kitu hicho ni meli ya Liemba. Waeleze wanafunzi kwamba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma, na hapo ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Kabla hujataja mji wowote mwingine wa Ulaya, uliza: ni nani aliyekubali kubeba gharama hii yote, na alikuwa akimwogopa nani? Waache wabishane. Watafika wenyewe kwenye reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, na watauliza ilikuwa ikifuata nini. Hapo waelekeze macho ng'ambo ya ziwa, kwenye Kongo ya Wabelgiji yenye madini na biashara ambayo Wajerumani walitaka ipitie Kigoma kwenda pwani. Ushindani huo ulikuwa umefika ufukweni mwetu kabla ya risasi hata moja kupigwa.

Hatua inayofuata ni kutenganisha sababu za muda mrefu na chanzo cha papo kwa papo. Miungano unaweza kuipitia kwa haraka: Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia mwaka 1882, Ufaransa na Urusi mwaka 1894, kisha Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Ongeza mashindano ya manowari kati ya Uingereza na Ujerumani, yaliyopamba moto baada ya Dreadnought, manowari mpya ya Uingereza, kuzinduliwa mwaka 1906. Lakini jihadhari na jibu jepesi kwamba mikataba ndiyo iliyowaburuza watu vitani, kwa sababu Italia ilikuwa na mkataba na bado mwaka 1914 ilikaa pembeni, na mwaka uliofuata ikajiunga na upande wa pili. Kila serikali ilikuwa na nafasi ya kuchagua, na hilo ndilo ninalotaka mwanafunzi aondoke nalo.

Ili alione, chukua karatasi ya manila, ibandike ukutani, na uandike juu yake siku 38 kuanzia tarehe 28 Juni hadi tarehe 4 Agosti 1914. Siku ya kwanza Franz Ferdinand, yule mrithi wa Austria, anauawa Sarajevo. Tarehe 5 Julai Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani anaiahidi Austria-Hungaria kwamba ataiunga mkono kwa lolote. Tarehe 23 Austria-Hungaria inaipa Serbia masharti na saa 48 za kujibu; tarehe 28 inaitangazia vita; tarehe 30 Urusi inaamuru majeshi yake yote yakusanywe; tarehe 1 Agosti Ujerumani inatangaza vita dhidi ya Urusi; tarehe 3 dhidi ya Ufaransa; tarehe 4 inaingia Ubelgiji, na Uingereza nayo inaingia vitani. Mbele ya kila tarehe mwanafunzi aandike nani aliamua, na angeweza kufanya nini kingine. Kazi hii huchukua vipindi viwili na haifai kuharakishwa. Wanafunzi wangu walishtuka zaidi walipogundua nafasi ya treni: mipango ya Ujerumani ya kuishinda Ufaransa kabla Urusi haijajiandaa ilitegemea ratiba za reli zilizopangwa miaka mingi kabla, na majenerali walikataa kuzibadilisha saa za mwisho.

Sasa rudi nyumbani. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wazi kwa bonde la Kongo, pamoja na eneo letu, kutoingizwa katika vita vya Wazungu, na Ubelgiji ilitumaini iwe hivyo, lakini Agosti 1914 meli nyingine ya Wajerumani ilishambulia bandari ya Lukuga upande wa Kongo. Miaka miwili baadaye Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, injini zikakutwa zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Kwa walioko Tabora, mahali pa kuanzia ni mji wenyewe, uliotekwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Eleza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani, na hivyo dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikageuzwa fedha katika karakana ya reli hapo Tabora. Sarafu moja inaeleza maana ya kuzuiwa kwa biashara vizuri zaidi kuliko kurasa tano za kitabu.

Katika matokeo, usianze na wafalme walioanguka. Anza na wapagazi. Waingereza peke yao waliajiri au kuwakamata watu wapatao milioni moja Afrika Mashariki kubeba risasi na chakula, na wapatao 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, lilitokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Watu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara tangu zamani, kwa hiyo watume wanafunzi kwa wazee. Wapige hodi, waamkie shikamoo, waombe ruhusa ya kuandika, na waulize si kuhusu "Vita vya Dunia" bali kuhusu babu aliyechukuliwa akabebeshwa mzigo, mwaka wa njaa, au ugonjwa wa mafua wa mwaka 1918. Kila simulizi iandikwe pamoja na jibu la swali hili: wewe ulisikia kwa nani?

Kisha fungua ramani. Wabelgiji walishika Kigoma na Ujiji hadi mwaka 1921. Makubaliano ya mwaka 1919 yaliwapa Ruanda na Urundi, na Tanganyika ikawa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Waha na Warundi, ambao lugha zao zinasikilizana, wakajikuta chini ya watawala wawili waliopatana mbali nao.

Ukibaki na kipindi kimoja, peleka darasa mbele hadi Urambo. Vita vya pili, ambavyo chuki iliyoachwa na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ilisaidia kuviandaa, viliiacha Uingereza na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 mradi wa karanga ukaanzishwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza paundi zipatazo milioni 36. Mwanafunzi wa Urambo anaweza kwenda kuuliza shamba lililofyekwa wakati ule liko wapi, nani analilima leo, na anapanda nini.