Jinsi ya kulinganisha filamu ya Fame ya 1980 na ya 2009

Usizitazame moja baada ya nyingine. Zote zimegawanywa sawa: usaili, kisha miaka minne ya shule ya sanaa jijini New York. Basi tazama usaili wa ile iliyoongozwa na Alan Parker (1980), simamisha, uhamie usaili wa ile ya Kevin Tancharoen (2009), na hivyo hivyo hadi mahafali.

Kwa kila mwaka wa shule, andika ni dakika ngapi anapewa kila mwanafunzi. Hapo ndipo penye kasoro: ya zamani ina dakika 134, mpya 107 tu, na wanafunzi ni wengi, hivyo visa hukatika kabla ya kuiva. Angalia pia usichukue toleo refu la 2009, litavuruga hesabu.

Mwigizaji Debbie Allen yumo katika zote mbili. Mfuatilie.